Kigoda Kilichofungiwa Kabatini

Msinirudishe kule chumbani. Nimesema nitalala hapa hapa jikoni, juu ya mkeka wangu, karibu na mafiga, na anayeona moshi unamchoma macho atoke nje akakae na wale wenzake walioanza kulia kabla sijafa. Tumpale, binti yangu, acha kunirundikia mablanketi kama mkungu wa ndizi unaoivishwa. Sina baridi. Chungu cha maharage kiko motoni, nakisikia, na pumzi niliyobaki nayo naona inatosha chungu kimoja tu, kwa hiyo kaeni chini mnisikilize. Si kwenye hivyo viti vyeupe vya plastiki mlivyokwisha kukodi, eti msiba usiwakute hamjajiandaa. Chini, mkekani. Na wewe, Abrahamu, mwanangu wa kwanza, mtoa mizigo mkubwa wa forodha, mpakani Tunduma, kaa chini. Suruali itafuliwa.

Mdogo wenu Zebedayo hayupo. Nimemtuma Tunduma tangu alfajiri na ile haisi yake ya abiria, akaniletee kigoda changu kilichofungiwa kwenye kabati la vioo sebuleni kwa Abrahamu. Usipapase mfuko, Abrahamu. Najua ufunguo wa kabati unao wewe, na ndiyo maana sikukuomba. Zebedayo nimempa maelekezo yake. Kama atafika nikiwa bado nina sauti, mtaona nilichokuwa nakitaka. Kama hatafika, basi shikeni haya ninayosema sasa, ingawa nawajua, mtashika yale ya mashamba tu na mengine mtayaacha hapa hapa jikoni pamoja na majivu.

Basi nianze na mali, maana huko ndiko masikio yenu yanakosubiri, na nikianza na Mungu mtasinzia. Shamba la kahawa la mteremkoni mtagawana watatu kwa kufuata mifereji niliyoichimba mwenyewe, na anayetaka kung'oa mibuni apande parachichi kwa sababu amesikia redioni kwamba parachichi ni dhahabu, ang'oe ya upande wake na asimguse mwenzake. Ng'ombe ni wa Zebedayo, kwa kuwa ndiye pekee kati yenu anayejua majina yao. Kiwanja cha Mlowo ni cha Tumpale, aendelee kujaza magunia ya mahindi mpaka yafike mbinguni, labda huko atapata mnunuzi. Ugomvi wangu na jirani Danford kuhusu mpaka wa chini, msiurithi. Danford ni mwizi wa ardhi, nimemwambia hivyo usoni kwake maisha yetu yote, lakini ni mwizi wangu mimi, ninyi hamjamzoea na hamtamweza. Mwacheni azeeke na ile mibuni yangu.

Inabaki nyumba, na inabaki jiko hili. Abrahamu, nilikusikia jana ukimwonyesha fundi kwa kidole, ukimwambia hapa patavunjwa, hapa patamwagwa zege, hapa patasimama nyumba ya wageni yenye vigae na maji ya moto kwa ajili ya maofisa wanaokuja Itumba kikazi. Ulidhani nimelala. Mtu anayekufa halali, mwanangu, anafumba macho tu ili asiwaone. Nilikusikia, na nilijiuliza huyu mtu niliyemlea anaona nini akiangalia jiko hili. Anaona masizi. Nitawaambia mimi ninachokiona, na nitawaambia polepole kwa sababu mnaelewa polepole.

Wewe Abrahamu ulikuwa mtoto msumbufu kuliko beberu. Ulipokuwa na umri kama wa huyu binti yako Tusekile, mimi na mama yenu Anna tulikuwa tukikaa hapa jioni kusali, na kila tukifumba macho wewe unachokonoa moto, unavuta mkia wa paka, unamwaga maji ya kunawa. Mimi nilikuwa mtu wa kusema mtoeni nje, akatulie huko. Mama yenu, ambaye alikuwa na akili kuliko ukoo wote huu ukiuweka pamoja, alisema mtoto hawezi kutulia kwenye jambo ambalo si lake. Akaniambia, baba Abrahamu, hebu mpe kiti chako. Nilicheka. Kiti changu kilikuwa kigoda nilichochongewa na baba yangu, na hakuna mtu aliyekuwa akikikalia zaidi yangu. Akanisimamisha, akakuketisha wewe pale juu, sisi tukakaa chini mkekani, akakuangalia kwa heshima zote kama anayemwangalia mchungaji, akasema: "Leo wewe ndiye mwenye nyumba. Tunakusubiri. Fungua sala."

Ulituangalia. Ukaona kweli tuko chini yako. Ukasema, "Mungu, asante kwa maharage." Basi. Mama yenu akasema amina, na mimi nikasema amina. Kesho yake jua halijazama ulikuwa umekwisha kukaa kwenye kigoda unatuita kwa sauti kwamba tumechelewa kusali. Tatizo lilikuwa miguu tu, ilikuwa inaning'inia, na mtoto ambaye miguu inaning'inia anapiga mateke. Nikachukua msumeno nikakikata kigoda cha baba yangu miguu yote, mpaka nyayo zako zikagusa udongo. Ndiyo sababu kile kigoda ni kifupi vile. Hamjawahi kujiuliza mtu mzima mwenye mapaja kama yangu angekaaje pale? Hamkujiuliza. Mnajua bei ya lori zima la saruji mpaka Lusaka, lakini kitu kilicho mbele ya macho yenu hamkijui.

Tangu siku hiyo, kigoda kikawa cha mtoto mdogo kuliko wote ndani ya nyumba. Alipozaliwa Tumpale na akaanza kusema, Abrahamu ulishuka, ukalia, ukashuka hivyo hivyo. Alipofika Zebedayo, Tumpale akashuka. Mchana hakuna aliyekigusa, kiliwekwa pale kwenye kona ya kuni, na jioni kikatolewa kwa ajili ya mdogo, na mdogo ndiye aliyefungua. Wakati wenyewe haukuwa wa saa, ulikuwa wa chungu. Chungu kikishapandishwa, moto umeshika, watoto wako pale pale bila kuitwa, kwa sababu nje kuna ukungu na ndani kuna harufu ya chakula. Nani atakimbia? Tena haiwezi kuwa ndefu. Mama yenu alikuwa akisema maharage ndiyo mzee wa kanisa wa nyumba hii, yakianza kunukia kuungua hata baba akiwa katikati ya mahubiri yake anasema amina. Ubeti mmoja wa wimbo. Mstari mmoja wa Biblia, huo huo wiki nzima, mpaka mtoto anausema huku anatafuna. Halafu kila mmoja anasema kitu kimoja alichokiona siku ile, hata kama ni kinyonga, na anashukuru. Aliyemkosea mwenzake anasema hapo, na mzazi aliyemkaripia mtoto bure anasema samahani hapo hapo, akiwa chini, mtoto akiwa juu. Fimbo haikuingia humu wakati wa sala. Mgeni akija anakaa chini. Mimi nikiwa nimepeleka kahawa Mbozi, mama yenu alisali nanyi, na mama yenu alipokuwa kitandani na homa mlisali wenyewe, nikawasikia nikiwa nafunga ng'ombe, Zebedayo anafungua, Abrahamu unamrekebisha. Hakuna siku tuliyosema leo tumechoka.

Hata Danford alikuta hivyo. Alikuja jioni moja amebeba panga na hasira zake za mpaka, akasimama hapo mlangoni akianza kunitukana, na Tumpale, ulikuwa juu ya kigoda, mdogo kama kuku, ukamwambia, "Kaa chini kwanza, tunasali." Danford yule yule! Akaweka panga chini. Akakaa. Ilipofika zamu yake ya kusema alichokiona siku ile, akasema ameona mvua upande wa Songwe. Akasema amina, akaondoka bila kunitukana. Kesho yake akaendelea kuhamisha mpaka, ndiyo, huyo ni Danford, sikusema sala ilimgeuza malaika. Lakini mtoto wa miaka mitatu alimkalisha chini mwanaume mwenye panga. Tumpale, umekumbuka? Angalia anavyonitazama. Hakumbuki. Unakumbuka bei ya mahindi ya kila msimu.

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Mama yenu alipofariki, tulipomaliza matanga, Abrahamu ulikuja ukaniomba kigoda. Ulikishika kwa mikono miwili, machozi yanakutoka, ukasema baba, naomba nikibebe nyumbani kwangu. Nilikupa, na nikuambie, nilifurahi. Siku ile ya huzuni nilifurahi, nikajisemea ndani ya moyo, Anna, umelala lakini kazi yako imekwenda Tunduma, mtoto wetu anakwenda kuwakalisha watoto wake. Nikabaki hapa jikoni peke yangu, kona ya kuni haina kitu, nikawa naweka chungu changu kidogo na kusali mwenyewe, na kila nikifumba macho namwona Tusekile juu ya kigoda huko mpakani, anafungua. Ilinitosha kabisa. Niliishi kwa hilo.

Mpaka nilipougua, mkanipeleka Tunduma hospitali, nikalala nyumbani kwako. Nikaingia sebuleni naburuta miguu, nakitafuta kigoda changu kwa macho, nakikosa chini, nakikosa jikoni, na jikoni kwenyewe ni chumba cheupe ambacho hakuna anayekaa. Halafu nikakiona. Juu, kwenye kabati la vioo, kati ya vikombe ambavyo hamnywei na ile saa isiyotembea. Umekipaka vanishi. Umekiwekea kitambaa cha nyuzi chini yake. Umekiandikia na kibao: Kiti cha Mzee wa Ukoo. Nikamwona Tusekile amegusa kioo kwa kidole, mama yake akamwambia toa mkono, hicho ni kiti cha babu, hakichezewi. Mkwe wangu, sikulaumu, wewe uliambiwa hivyo. Lakini Abrahamu! Wewe ndiye niliyekukatia miguu ile! Kiti cha mzee wa ukoo kinakufika kwenye vifundo vya miguu na hukushangaa! Ulikalia kitu kile, uliimba juu yake, ulijikojolea juu yake, halafu ukakua, ukanunua gari, ukaota tumbo, ukasahau kila kitu isipokuwa kwamba kuna kiti, na kwa kuwa moyo wako umejaa vyeo, ukadhani ni cheo. Ukakifungia kwa ufunguo ili watoto wasikikalie.

Jioni ile nikiwa nimelala kile chumba chenu cha wageni, nikasikia sauti yako ikisali sebuleni. Nikasema, afadhali. Nikajikongoja kuja kusali nanyi. Nakuta watoto wamekaa kwenye makochi, dada wa kazi amesimama, na wewe hupo. Sabufa ndiyo ilikuwa inasali. Umejirekodi kwenye simu, umemkabidhi dada wa kazi, kila jioni anawasha, sauti ya baba inatoka kwenye sanduku, watoto wanasema amina kwa sanduku. Tena ulijirekodi kule kule barabarani, ukiwa unasubiri malori yako yavuke kwenda Nakonde, maana katikati ya sala, ulipofika pale unapoombea kazi za mikono yetu, lori likapiga honi, na hukuona haja hata ya kurudia. Sala ya nyumba yako ina honi ndani yake. Na dada wa kazi alivyo mwaminifu, anaiwasha na honi yake.

Nikakuuliza uliporudi, ukaniambia, baba, dunia imebadilika, foleni ya malori haimsubiri mtu. Vizuri. Halafu Jumapili ukanipeleka kanisani kwako, ukapanda mbele na maikrofoni na projekta, ukafundisha semina, nikasoma ukutani kwa herufi kubwa: Madhabahu ya Familia. Watu wanaandika. Wanawake wanalia. Ulizungumza vizuri, sikunyimi. Nilikaa pale nyuma nikawa natafuta kitambaa cha kujifutia, si machozi, ni aibu iliyokuwa inanitoka usoni kama jasho.

Tumpale, usitikise kichwa ukimsikitikia kaka yako. Wewe ni mfanyabiashara wa jumla, na Mungu naye umemfanya wa jumla. Wiki nzima watoto wako huko Mlowo hawasikii hata jina lake, kwa kuwa uko kwenye magunia, halafu Jumapili baada ya chakula unafunga mlango, unalipa yote kwa mara moja, sura nzima nzima, nyimbo beti zote, maombi ya kuzunguka nchi na mikoa, mpaka watoto wanaanguka usingizi, na anayeanguka unamwamsha kwa mwiko. Nimewaona hao watoto. Wakisikia Biblia inafunguliwa, wanakunja mabega. Unawafundisha kwamba Mungu ni kitu kinachokuja na mwiko shibe ikiwa imewalemea. Ungenyamaza kabisa ungewadhuru kidogo kuliko hivyo.

Na Zebedayo msimsifu kwa kuwa hayupo. Ameishi na mimi ndani ya ua huu, na kila chungu kikipanda motoni anakumbuka kwamba kuna mpira kwenye banda la video. Ameacha baba yake anasali peke yake na paka. Ila Zebedayo nikimwambia nenda, anaenda. Ninyi wawili nikiwaambia nendeni, mnaniuliza kwa nini na mnanieleza ratiba zenu.

Jana ndiyo mmenimaliza. Mmefika wote, nikasema moyoni kabla sijaondoka ngoja niwasikie watoto hawa mara moja. Nikawaomba tusali. Mkakusanyika chumbani kwangu, mkaniinamia kama mnaotazama kisima, Abrahamu ukatoa simu ukaanza kutafuta mstari kwenye simu, na simu ikalia mkononi mwako, ukaipokea. Mbele ya baba yako anayekufa, Biblia iko ndani ya simu hiyo hiyo, ukapokea, ukasema "Ee mukwai, ee mukwai," ndiyo bwana ya kwao, kwa sauti laini na ya unyenyekevu ambayo mimi sijawahi kuisikia kutoka kwako tangu ulipojua kuzungumza. Ukatoka nje na Mzambia wako. Tukabaki. Mimi nikamgeukia Tusekile, huyu hapa, mdogo kuliko ninyi nyote, nikamwambia, mama, fungua wewe. Akatazama huku na huku. Akaniuliza, "Babu, dada hayupo, nani atawasha?" Nikamwambia hakuna kuwasha, sema wewe mwenyewe. Basi akafumba macho, mtoto mtiifu, akasema sala nzima ya baba yake bila kukosea hata neno, kwa sauti nzito, utubarikie safari zetu, utubarikie kazi za mikono yetu, piii, piiiiii, na uwalinde wateja wetu, amina.

Mlicheka. Nyote mlicheka, na Abrahamu ulicheka ukiwa dirishani na simu sikioni, nilikuona. Mimi nilimwona mtoto amefungua macho ananitazama kuona kama amepatia, na hakujua kinachochekwa. Huyu ni mtoto anayedhani honi ni neno la Mungu, na mmemcheka yeye! Sijawahi kuwadharau ninyi kama nilivyowadharau jana, na nimewadharau mara nyingi. Nikageukia ukutani. Alfajiri nikamwita Zebedayo.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Sikilizeni sasa ninavyoamua, na Tumpale, wewe ndiye mwenye kumbukumbu ya mambo ya mali, litunze hili. Nyumba ni yenu wote, mtakuja na kuondoka. Jiko hili halivunjwi. Atakayelivunja, awe nani, sehemu yake ya kahawa inaenda kwa wenzake siku hiyo hiyo, na mzee wa kanisa ameshasikia na balozi wa nyumba kumi ameshasikia, sikusubiri kuwaambia ninyi. Jengeni nyumba ya wageni kwingine, wekeni vigae mpaka darini, hapa moto utawashwa.

Kigoda si cha Abrahamu. Wala si cha Tumpale, wala cha Zebedayo, na hakitakuwa cha mtu yeyote mwenye ndevu au mwenye duka. Kinakwenda alipo mtoto mdogo kuliko wote katika ukoo huu anayeweza kusema. Sasa hivi ni Tusekile, kwa hiyo, Abrahamu, meza mate, kinarudi Tunduma, kinarudi nyumbani kwako. Lakini kinarudi chini sakafuni. Zebedayo akizaa, na mtoto akaanza kuongea, Tusekile atashuka, atalia, atashuka hivyo hivyo, na kigoda kitapanda haisi kurudi huku. Na kinapokwenda, wajibu unakwenda nacho. Mzazi wa nyumba hiyo anakaa chini kila jioni chakula kikiwa motoni. Kama hamna moto mna gesi, kama hamna chungu mna sufuria, sijali, lakini chakula kiwe kinaiva na mtu awe amekaa. Kama malori yamekuzuia, mkeo atakaa. Kama mkeo hayupo, dada wa kazi atakaa, huyo naona angekuwa mchungaji mzuri kuliko wewe. Sabufa hapana. Mstari mmoja, ubeti mmoja, kila mtu aseme alichokiona. Si zaidi! Msije mkaniongezea mafundisho yenu hapo mkaharibu. Mtoto akisema asante kwa paka, ni sala, semeni amina mnyamaze. Na mwiko, Tumpale, mwiko ni wa ugali.

Mnizike kule juu ya kahawa, kando ya mama yenu, kichwa kielekee alikoelekea yeye. Sitaki MC. Sitaki mtu asome wasifu wangu kama anasoma bidhaa za lori. Abrahamu usihubiri, nakuomba, nikiwa ndani ya sanduku sitaweza kutoka. Na jioni ya siku mtakayonizika, kabla hamjarudisha hivyo viti vyenu vya kukodi, pandisheni chungu hapa na mumkalishe Tusekile kwenye kona ile. Hilo moja tu mkilifanya nitajua, msiniulize nitajuaje.

Nyamazeni.

Hiyo honi... ni ya haisi. Ni yake. Mfungulieni mlango, moshi utoke kidogo nimwone.

Ingia, Zebedayo. Mkono umefanyaje? Kioo. Vizuri sana. Tumpale, mfunge kitambaa huyo, anadondosha damu kwenye kuni. Abrahamu, ukisema neno moja kuhusu kabati nitakufa papo hapo kwa makusudi. Kilete hapa. Hebu nikishike. Angalieni kinavyong'aa, kama kiatu cha bwana harusi. Kigeuze. Ee. Ni hapa msumeno wangu ulipopita, huku chini hukupaka vanishi. Anna alinishikia... alinishikia upande huu, tukawa tunacheka.

Kiweke kwenye kona. Karibu na moto, si sana.

Tusekile. Njoo, mama. Usiogope, hakichezewi lakini kinakaliwa. Kaa. Hivyo. Miguu imefika chini? Zebedayo, niambie, macho yangu hayaoni vizuri kule, miguu imefika?

Imefika.

Abrahamu, sogea karibu na mwanao. Hapana, si nyuma yake, mbele yake, chini, akuone. Simu mpe mkeo. Izime kwanza. Mnasubiri niwawekee mikono, naona mmeinamisha vichwa, lakini mkono hauinuki tena. Mungu awatunze, wanangu. Awavumilie kama nilivyowavumilia mimi, na zaidi, maana mimi nimechoka. Nawapenda, na hilo nalo si kosa langu. Baraka nyingine itawajia kutoka kwa huyu aliyekaa, si kutoka kwangu.

Fungua, mama. Hapana... hayo ni maneno ya baba. Sema ya kwako. Leo umeona nini?

Sema tena, babu hasikii. Polepole.

Eti, "Asante Mungu, leo baba amekaa."

Ee... Anna, umesikia.

Abrahamu, usilie, utamtisha mtoto. Anakusubiri. Sema amina, mwanangu. Maharage yanaungua.